Sura ya 7: Toleo Ambalo Halikutoka

Ukifungua ukurasa wa mipangilio wa Apache Spark, programu inayotumika kuchakata data nyingi kuliko uwezo wa kompyuta moja, utakuta jedwali refu ambalo safu yake ya mwisho inataja kila mpangilio ulianza katika toleo gani. Mpangilio uitwao spark.decommission.enabled, unaowezesha mashine kuondolewa kazini kwa utaratibu, umeandikiwa 3.1.0. Ipo mingine mingi yenye namba hiyo hiyo. Sasa nenda kwenye orodha ya matoleo rasmi ya Spark. Utalikuta 3.0.0 la Juni 2020, utayakuta yaliyolifuata, kisha utalikuta 3.1.1 la tarehe 2 Machi 2021. Toleo 3.1.0 halimo.

Hakuna aliyekosea kuhesabu. Mwanzoni mwa Januari 2021 wasimamizi wa mradi walitengeneza toleo tarajiwa la kwanza la 3.1.0, lile linaloandikwa 3.1.0-rc1, ili lijaribiwe na kupigiwa kura. Kura haijaisha, mafaili yake yakaonekana yako Maven Central, ghala la umma ambako programu za Java na Scala duniani kote huchota maktaba zake. Ghala hilo lina sharti lisilo na mjadala: kilichoingia hakitolewi wala hakibadilishwi. Sharti lina mantiki yake. Mtu aliyejenga programu yake leo juu ya maktaba yenye namba fulani anataka kesho, namba hiyo hiyo, apate kitu kile kile. Lakini kwa Spark maana yake ilikuwa kwamba namba 3.1.0 imeshatumika, na iliyoitumia ni bidhaa ambayo haijakaguliwa. Zilibaki njia mbili: kuifumbia macho rc1 na kuiita toleo rasmi, au kuitupa namba. Wakaitupa namba. Wakatangaza kwamba toleo rasmi lijalo ni 3.1.1.

Kwa mtumiaji wa kawaida mkasa uliishia hapo. Kwa wale wanaotunza kumbukumbu za kasoro, haujaisha hadi leo. Tiketi chungu nzima za mradi huo zinasema kasoro fulani ilirekebishwa katika toleo 3.1.0. Zinasema kweli, kwa maana marekebisho yaliingia kwenye msimbo uliokusudiwa kuwa 3.1.0. Lakini mtu akikuuliza alipakue wapi toleo hilo, huna pa kumwelekeza.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinafichua jambo ambalo watu wa programu huliona la kiofisi tu, la kujaza fomu: kile kisanduku kidogo kwenye tiketi kinachouliza marekebisho yamo katika toleo lipi. Mwandishi wa programu akisharekebisha kasoro, moyoni mwake imekwisha. Kwa aliyeko nje, mwenye seva inayoanguka kila usiku, haijakwisha mpaka ajue namba atakayoisakinisha. Na namba hiyo, kwa wiki kadhaa kabla ya toleo kutoka, huwa haijatulia.

Tuangalie kwanza toleo tarajiwa lenyewe. Katika miradi ya Wakfu wa Programu wa Apache, ambamo Spark imekuwa mradi kamili tangu Februari 2014, toleo halitoki kwa amri ya mkubwa. Mtu mmoja anajitolea kuwa meneja wa toleo. Anachagua hatua moja katika historia ya msimbo, anaibandika lebo, kwa mfano v3.1.0-rc1, anajenga mafaili kutoka hapo, anayatia sahihi yake ya kidijitali, kisha anawaambia wenzake: pakueni, jaribuni, pigeni kura. Kura huachwa wazi kwa saa 72 kwa kawaida. Zinahitajika kura za ndiyo zisizopungua tatu kutoka kwa wajumbe wa kamati ya usimamizi wa mradi, na za ndiyo ziwe nyingi kuliko za hapana. Hakuna mwenye turufu ya kulizuia toleo peke yake. Lakini akitokea mmoja akaonyesha kwamba hesabu zinatoka vibaya, hakuna meneja mwenye akili zake atakayeng'ang'ania. Rc1 inaachwa, kasoro inatibiwa, inajengwa rc2. Spark 2.2.0 ya mwaka 2017 ilifika rc6 ndipo ikapita. Ile 2.4.0 ya mwaka uliofuata ilipita kwenye rc5.

Jambo la kushika hapa ni kwamba rc ikishapita haijengwi upya. Mafaili yale yale yaliyopigiwa kura ndiyo yanayotangazwa. Kwa hiyo kilichomo kimeshaamuliwa tangu lebo ilipobandikwa, na kila kilichoingia kwenye msimbo dakika tano baadaye hakimo.

Hapo ndipo tiketi zinapoanza kusumbua.

Tiketi ya Spark hukaa kwenye Jira, mfumo wa kufuatilia kazi uliotolewa na kampuni ya Atlassian ya Australia mwaka 2002. Ina namba yake, ina kichwa cha habari, ina maelezo ya aliyeripoti, na ina visanduku vitatu vya matoleo ambavyo mgeni huvichanganya. Cha kwanza kinauliza kasoro ilionekana katika toleo lipi. Cha pili kinauliza tunalenga kuirekebisha katika toleo lipi. Cha tatu kinauliza imerekebishwa katika toleo lipi. Cha kwanza ni ushahidi, cha pili ni nia, cha tatu ni tukio. Miradi mingi ya programu, ya kulipwa na ya bure, haina kile cha pili, na watu huijaza nia yao katika cha tatu. Mtu anaripoti kasoro Jumatatu, na Jumatatu hiyo hiyo anaandika kwamba imerekebishwa katika toleo lijalo, akimaanisha anaomba irekebishwe. Ikifika siku ya kuandaa toleo, meneja akitafuta tiketi zote zenye namba hiyo anapata mchanganyiko wa matamanio na kazi iliyofanyika, na hana njia ya kuvitenga isipokuwa kusoma moja moja. Kwa maoni yangu, mradi wowote unaoanza leo utenganishe visanduku hivi kabla haujaandika hata mstari mmoja wa kanuni nyingine. Hadoop, mradi mwingine wa Apache, nao una kisanduku chake cha toleo linalolengwa, na hiki cha marekebisho hujazwa na yule anayeingiza badiliko kwenye msimbo, pale anapoliingiza. Huo ndio utaratibu unaofaa.

Spark imekwenda mbele zaidi kwa kumpunguzia binadamu kazi. Wenye ruhusa ya kuingiza mabadiliko hutumia skripti ndogo ya Python ambayo, ikishaunganisha badiliko na msimbo, inauliza kama ifunge tiketi na kupendekeza namba ya kujaza. Inapata wapi namba? Inatazama badiliko limeingia kwenye matawi gani. Shina kuu la msimbo linaelekea toleo kubwa lijalo. Tawi la 3.1 linaelekea toleo la 3.1 ambalo bado halijatoka. Skripti inasoma orodha ya matoleo ambayo hayajatangazwa na kukisia. Ndani yake mna maelezo mafupi kuhusu hali moja: tawi la toleo limeshakatwa lakini toleo halijatoka, na badiliko limeingia kote kuwili, kwenye shina na kwenye tawi. Hapo skripti inajaza namba ya tawi peke yake. Kasoro ambayo marekebisho yake yamo tangu 1.0.0 haiandikwi pia 1.1.0, kwa sababu 1.1.0 itazaliwa ikiwa nayo tayari.

Ni ukisiaji mzuri, ila kuna kipindi ambacho hata mtu mwenye akili timamu hawezi kukisia. Lebo ya rc1 imebandikwa Jumanne. Kura iko wazi. Jumatano mtu mwingine, asiye na habari na kura hiyo, anaingiza rekebisho dogo kwenye tawi lile lile. Tiketi yake iandikweje? Ni kama abiria aliyefika stendi ya Magufuli pale Mbezi basi la Mbeya likiwa limeshafunga mlango. Basi likiondoka, atasafiri na linalofuata. Likizima injini kabla ya kutoka getini na watu wakateremshwa, atapanda hilo hilo. Safari yake inategemea injini isiyomhusu. Rc1 ikipita, rekebisho la Jumatano ni la 3.1.1. Rc1 ikianguka, rc2 itajengwa kutoka kwenye tawi ambamo rekebisho hilo limo, kwa hiyo ni la 3.1.0.

Desturi ya Spark ni kuiandikia tiketi hiyo namba inayofuata, ile ya nyongeza, na kusubiri. Rc ikianguka, meneja anazipitia zote zilizoandikiwa namba ya nyongeza na kuzirudisha nyuma kwa mkupuo. Rc ikianguka mara tano, anafanya hivyo mara tano. Ni kazi inayochosha, na haipigiwi makofi na yeyote. Pia ni kazi ambayo ikirukwa hakuna atakayeigundua kwa miezi, mpaka siku mtumiaji aliye kwenye toleo lililotangulia atakapoambiwa apande hadi lile la nyongeza kupata dawa ambayo tayari anayo.

Meneja makini haamini kumbukumbu wala nafsi yake. Anatoa orodha mbili. Ya kwanza anaipata kwa Git, mfumo unaotunza historia ya msimbo: mabadiliko yote yaliyo kati ya lebo ya toleo lililopita na lebo ya rc ya sasa. Kwa kuwa Spark inataka kichwa cha karibu kila badiliko kianze na namba ya tiketi, orodha hii inageuka kwa urahisi kuwa orodha ya tiketi. Ya pili anaitoa Jira: tiketi zote zilizofungwa zenye namba ya toleo hili. Kisha anazilinganisha. Zilizomo kwenye zote mbili anaachana nazo. Zilizomo kwenye msimbo na hazimo Jira mara nyingi ni uzembe wa kawaida, mtu alisahau kufunga tiketi, na zinatengenezeka kwa dakika chache.

Hatari iko upande wa pili, kwenye tiketi ambazo Jira inasema zimo na msimbo unasema hazimo. Baadhi ziliingizwa kwenye shina na aliyeziingiza akasahau kuzipeleka kwenye tawi. Hizi zinahitaji uamuzi: zipelekwe sasa, na kwa hiyo rc ivunjwe, au ziahirishwe? Nyingine ni mbaya zaidi, kwa sababu ziliingizwa kweli, zikafungwa kweli, kisha badiliko likatenguliwa wiki moja baadaye maana lilikuwa linavunja jaribio fulani. Kutengua badiliko kwenye Git ni amri moja. Kurudi kwenye tiketi, kuifungua tena na kufuta namba ni hatua nyingine, kwenye mfumo mwingine, na aliyetengua alikuwa na haraka ya kuzima moto. Tiketi ya namna hii inakaa pale ikiwa na alama ya kijani, ikimwahidi msomaji kitu ambacho hakipo. Ukipewa saa moja tu ya kukagua kumbukumbu kabla ya toleo, itumie yote kwenye mabadiliko yaliyotenguliwa.

Kuna swali la ubishi pia, ambalo kila kura huliamsha: kasoro yangu haijarekebishwa, kwa nini mnatoa toleo? Msimamo wa Spark hukumbushwa katika kila tangazo la kura. Toleo halisubirishwi kwa kasoro ambayo ilikuwepo hata katika toleo lililopita. Linasubirishwa kwa kitu kilichokuwa kinafanya kazi na sasa hakifanyi. Wengi hukasirika wakilisikia hili kwa mara ya kwanza. Mimi naliunga mkono. Kasoro ya miaka miwili watu wameshaizoea, wameshapata namna ya kuizunguka. Kasoro mpya inamkuta mtu usingizini, naye amepandisha toleo kwa kutuamini.

Linux imechagua njia tofauti kabisa. Kiini chake hutolewa kwa mzunguko wa majuma tisa au kumi: wiki mbili za kupokea mambo mapya, kisha rc1, na baada ya hapo rc nyingine karibu kila Jumapili mpaka rc7 au rc8. Hakuna kisanduku cha toleo lililorekebishwa. Badala yake, anayeleta rekebisho anatakiwa kuandika mstari unaotaja badiliko lililoileta kasoro, kwa herufi zisizopungua 12 za kitambulisho chake cha Git. Swali limegeuzwa: badala ya dawa iko wapi, ugonjwa ulianzia wapi. Ukijua ugonjwa ulianzia wapi, kompyuta yenyewe inaweza kukwambia ni matawi gani yameambukizwa na ni yapi yamepata dawa. Kumbukumbu inakaa ndani ya msimbo, haihitaji mfumo wa pembeni wa kusawazishwa nao. Kwa mtu wa kawaida anayetaka jibu la haraka, hata hivyo, ni kama kupewa ramani badala ya anwani.

Mpaka hapa tumekaa upande wa watengenezaji. Upande wa watumiaji, namba ina tabia nyingine ya ajabu. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa kasoro ya OpenSSL, maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni, iliyopewa jina la Heartbleed, iliyomruhusu mtu wa nje kusoma vipande vya kumbukumbu ya seva, nywila na funguo za siri zikiwemo. Matoleo yenye ugonjwa yalikuwa 1.0.1 hadi 1.0.1f. Dawa ilikuwa 1.0.1g. Ujumbe mwepesi, ukawekwa kila mahali. Lakini Debian, mfumo unaoendesha seva nyingi mno, haina desturi ya kupandisha toleo la maktaba ndani ya mfumo uliokwisha tulia. Inachukua kiraka peke yake na kukishonea kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo watumiaji wa Debian 7 walipata dawa katika kifurushi kilichoitwa 1.0.1e-2+deb7u5. Msimamizi wa seva aliyekuwa amefanya kila kitu sawasawa, akaiuliza OpenSSL toleo lake, alijibiwa 1.0.1e. Herufi e inatangulia g. Akapigwa na butwaa, akahisi kiraka hakijaingia. Kiliingia. Aliyepaswa kumjibu ni mfumo wa vifurushi, kwa ule mkia ulio baada ya kistari.

Debian wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Mfumo wao wa kufuatilia kasoro haulinganishi namba kuona ipi kubwa. Unasoma daftari la mabadiliko lililomo katika kila kifurushi, unajenga mti wa ukoo wa matoleo, kisha unajibu kama toleo fulani ni mzao wa lile lililopona au la lile lililougua. Sijaona mfumo mwingine unaoliheshimu swali hili kiasi hicho.

Desemba 2021 ulimwengu wa Java ulipata somo lake. Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio, mradi mwingine wa Apache, ilikutwa na mlango uliomruhusu mtu yeyote kuendesha msimbo wake kwenye seva ya mwingine kwa kuiandikia tu maneno fulani. Kipengele chenyewe kilikuwemo tangu 2.0-beta9 ya mwaka 2013. Toleo tarajiwa la kwanza la dawa, 2.15.0-rc1, lilionekana linaweza kukwepwa, ikaja rc2, ambayo ndiyo iliyokuwa 2.15.0. Siku chache baadaye ikabainika haitoshi, ikatoka 2.16.0. Ikafuata 2.17.0, kisha 2.17.1 kabla mwaka haujaisha. Na kwa waliokwama kwenye Java 7 na Java 6 palikuwa na mistari yao ya pembeni, 2.12 na 2.3, kila mmoja ukiwa na namba zake za dawa. Tangazo moja la usalama lilibidi libebe namba hizi zote, na kila mara moja ilipobadilika, maelfu ya ripoti zilizokwisha andikwa zikawa zimepitwa.

Hebu mfikirie msimamizi wa mfumo wa taarifa za afya katika wizara yoyote ya ukanda wetu wiki ile. Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia DHIS2, ambayo ilizaliwa katika mtandao wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo na imeandikwa kwa Java. Swali la msimamizi huyo halikuwa kama Log4j imerekebishwa, kwani hilo lilikuwa kwenye redio. Swali lilikuwa: seva hii iliyo mbele yangu, ndani ya programu hii na nyingine tano zilizomo humu, ina Log4j ngapi, na kila moja ni ya namba gani? Maktaba za Java hufungwa ndani ya faili moja la jar, na jar inaweza kuwa ndani ya jar nyingine. Namba iliyo kwenye jina la nje haisemi lolote kuhusu kilichomo tumboni.

Waliokosa nafasi ya kupandisha toleo walipewa na Apache njia ya mkato: fungua faili la log4j-core kama unavyofungua faili la zip, ondoa humo kijifaili kimoja kiitwacho JndiLookup.class, funga, washa seva upya. Mlango ule ulizibwa. Jina la faili lilibaki 2.14.1, vikaguzi vilivyosoma jina tu vikaendelea kupiga kelele, na katika Jira ya mradi hakuna tiketi inayosema kwamba seva ile ilishatibiwa. Msimamizi mwenye busara aliacha karatasi pembeni yake, au faili la maandishi kwenye saraka ile ile, lenye tarehe, jina lake na alichokiondoa.